Nani alipie makaratasi? Kisa cha mtambo wa umeme wa Rusumo

Ukishuka mteremko kutoka Benaco kwenda mpakani, malori huanza kukaza breki hata kabla hujauona mto. Chini kule Kagera inabanwa na mwamba, kisha inaporomoka kama mita 15, maji yake rangi ya chai ya maziwa. Upande huu ni Ngara, Tanzania. Ng'ambo ni Kirehe, Rwanda. Juu kidogo ya maporomoko Ruvubu inayotoka Burundi inaungana na maji yaliyotoka Nyabarongo, na kuanzia hapo mto ni mmoja mpaka Ziwa Viktoria.

Huhitaji digrii kusema kwamba mahali kama hapo pangefungwa mtambo wa umeme. Wahandisi walilisema hilo miaka ya 1970. Mtambo wa kwanza kati ya mitatu uliingia kwenye gridi mwishoni mwa 2023. Uwezo wa kituo kizima ni megawati 80, zinazogawanywa sawa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi, yaani kila nchi inaondoka na megawati 26 na ushei. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ni megawati 2,115.

Kwa hiyo Rusumo si mradi mkubwa. Ujenzi wake wenyewe, pamoja na machelewesho yote, ulichukua chini ya miaka saba. Zaidi ya miongo mitatu iliyotangulia ilipotelea kwenye kile ambacho wenye taaluma hukiita maandalizi: upembuzi yakinifu, yaani uchunguzi wa kama mradi unawezekana na utalipa, usanifu, tathmini ya mazingira, mikataba, hesabu za fedha. Nimekifuatilia kisa hiki muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri, na kila nikirudi nakuta swali lilelile. Fedha za maandalizi zililipwa, tena zaidi ya mara moja. Mbona mradi haukuwa tayari?

Jumuiya iliyokuwa na kila kitu isipokuwa uamuzi

Agosti 1977, Burundi, Rwanda na Tanzania zilitia saini pale pale Rusumo mkataba wa kuanzisha Jumuiya ya Bonde la Mto Kagera, maarufu kwa herufi zake za Kiingereza, KBO. Uganda ikajiunga 1981. Makao yalikuwa Kigali. Majukumu yake ukiyasoma leo unashangaa: umeme, reli, barabara, kilimo, mbung'o, mawasiliano ya simu, mafunzo. Umoja wa Mataifa kupitia UNDP ulikuwa umeshalipia uchunguzi wa bonde zima, na Rusumo ilikuwa ndani yake.

Tafiti hazikukosekana. Ilikuja moja, ikaja ya kuiboresha, ikaja ya kuhakiki ile iliyoboreshwa. Kila mfadhili alikuja na mshauri wake, na kila mshauri alikuja na hadidu za rejea zenye sentensi ambayo sasa naijua kwa moyo: mshauri atakusanya na kupitia tafiti zote zilizotangulia. Sentensi hiyo inaonekana haina madhara. Ndiyo inayofanya sehemu ya bajeti ya upembuzi iende kusoma upembuzi uliopita.

Mtu wa nje husema, basi si wangeutumia ule wa zamani? Hapa ndipo watu wengi hawaelewi upembuzi yakinifu ni kitu cha namna gani. Unaharibika. Chukua jiolojia. Mashine ya kuchoronga inashushwa kwenye mwamba, inatoa sampuli ndefu za mviringo, unene wa kifundo cha mkono, zinapangwa kwenye masanduku ya mbao kama miwa sokoni, na kila sanduku linaandikwa kina kwa rangi: mita 12 hadi 15, mita 15 hadi 18. Hayo masanduku ndiyo mali halisi uliyonunua kwa fedha za maandalizi, kuliko ripoti yenyewe. Yakikaa ghalani miaka kumi bila mwenyewe, mchwa wanakula mbao, maandishi yanafutika, vipande vinachanganyika. Mhandisi anayefuata hawezi kuweka saini yake juu ya mwamba ambao hajauona. Anachoronga upya.

Mtiririko wa maji ni vivyo hivyo. Kujua mtambo utatoa umeme kiasi gani mwaka wa ukame unahitaji vipimo vya mto vya miaka mingi mfululizo. Kuna mtu wa kijiji anayeshuka kila asubuhi kusoma kipimo kilichosimikwa ukingoni na kuandika namba kwenye daftari. Posho yake ikikatika, daftari linanyamaza. Tarehe 28 Aprili 1994 na siku iliyofuata, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24 wakikimbia kutoka Rwanda. Ngara ikageuka kambi. Sidhani kuna aliyekumbuka daftari la mto wiki ile, wala angepaswa kukumbuka.

Bei za saruji na chuma hubadilika, idadi ya watu kwenye bonde huongezeka, sheria za mazingira huandikwa upya. Upembuzi wa 1985 ukiufungua 1998 ni kumbukumbu ya historia.

KBO ilivunjwa rasmi 2004. Michango ya wanachama ilikuwa imelegea kwa miaka mingi kabla ya hapo. Ila mimi siamini iliuawa na ukata peke yake. Iliweza kuagiza utafiti lakini haikuweza kuamua chochote ambacho utafiti ulikileta mezani. Kituo kiwe cha nani? Deni libebwe na nani? Maji yapande mpaka wapi? Hayo yalikuwa ya mawaziri, na mawaziri walisubiri utafiti mwingine ukamilike.

Hesabu ya theluthi

Tuseme mambo ya fedha kidogo, maana lawama nyingi huelekezwa pasipostahili.

Kwa makadirio yanayotumika sana katika kazi hizi, kuandaa mradi mkubwa wa miundombinu hula kati ya asilimia 5 na 10 ya gharama yake yote. Rusumo, kituo pamoja na njia za kusafirisha umeme, ilikuja kukadiriwa karibu dola milioni 470. Kwa kanuni hiyo maandalizi yangekuwa kati ya dola milioni 23 na 47. Gawa kwa nchi tatu: dola milioni 8 hadi 16 kila moja.

Sasa jiweke kwenye kiti cha katibu mkuu wa wizara ya nishati ya nchi mojawapo, miaka ya 1990 au mwanzoni mwa 2000. Unaombwa utoe fedha hizo kutoka bajeti ya mwaka mmoja kwa ajili ya mradi ambao huenda usijengwe. Ukijengwa, theluthi mbili za umeme zinakwenda kwa jirani. Majirani wasipotoa chao, chako kimepotea. Kitakachoonekana mwisho wa mwaka ni vitabu vya ripoti kwenye kabati. Mkaguzi akiuliza thamani ya fedha, utamwonyesha kabati? Na kwa fedha hizohizo ungevuta laini ya umeme mpaka makao makuu ya wilaya mbili na mbunge akakushukuru hadharani.

Mwekezaji binafsi naye hafiki hapo mapema. Fedha za maandalizi ndizo zenye hatari kuliko zote katika maisha ya mradi, maana ukikwama hakuna cha kuuza. Mwaka 2020 kampuni ya ushauri ya McKinsey ilikadiria kwamba miradi 8 kati ya 10 ya miundombinu Afrika hufia kwenye hatua ya upembuzi na mpango wa biashara, na isiyofika 1 kati ya 10 ndiyo hufikia kukamilisha mikataba ya fedha za ujenzi. Kwa uwezekano huo, hata mcheza kamari angesita.

Ndiyo maana ikabuniwa mifuko maalumu ya kuandaa miradi. Kuna ule wa NEPAD, mpango wa maendeleo wa nchi za Afrika, unaohifadhiwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika, ambao hutoa ruzuku kwa miradi inayovuka mipaka tu. Kuna Africa50, inayoingia mapema na kutarajia kurudishiwa fedha zake mradi ukifika kwa wawekezaji. Na kwa bonde la Nile, ambalo Kagera ni sehemu yake, ulikuwepo Mfuko wa Dhamana wa Bonde la Nile, ulioanza 2003 chini ya usimamizi wa Benki ya Dunia kwa michango ya nchi kama Kanada, Norway, Sweden, Denmark, Uholanzi na Uingereza. Huo wa mwisho ndio uliobeba sehemu kubwa ya maandalizi ya Rusumo yaliyofika mwisho.

Mara hii fedha zilinunua nini

Februari 1999, Dar es Salaam, mawaziri wa maji wa nchi za bonde walizindua Mpango wa Bonde la Nile. Tawi lake la nchi za maziwa makuu, linaloitwa NELSAP, baadaye likaweka ofisi Kigali. Watu wengi waliuangalia mpango huu kwa jicho la Misri na Ethiopia, siasa za maji na mikataba ya kikoloni. Kwa Rusumo jambo lenyewe lilikuwa dogo na la kawaida kabisa: palipatikana ofisi yenye watu waliokaa.

Kazi ya kwanza ya maana haikuwa upembuzi wa Rusumo. Ilikuwa kuzipanga kwenye mstari mmoja njia zote za kuzalisha umeme katika Burundi, Rwanda na magharibi mwa Tanzania, na kuzipima kwa gharama, mazingira na athari kwa watu. Ripoti ilitoka 2005. Rusumo ikatokea miongoni mwa zilizo bora, pamoja na Ruzizi III, mradi mwingine wa umeme wa maji. Unaweza kusema hilo lilijulikana tangu 1977, na utakuwa sahihi. Lakini sasa waziri wa fedha aliyeulizwa kwa nini Rusumo na si mto wa kwao alikuwa na jibu lililokubaliwa na wenzake wawili. Mradi wa pamoja una kawaida ya kufa pale nchi moja inapogundua, katikati ya safari, kwamba ina maporomoko yake yenyewe nyumbani.

Kisha likaja suala la kina cha maji, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kwangu ndilo kisa chenyewe.

Nyuma ya Rusumo hakuna bonde jembamba la mawe kama la Stiegler's Gorge, lilipo Bwawa la Julius Nyerere. Kuna tambarare ya vinamasi na maziwa madogo inayopanda polepole kuingia Rwanda na Burundi, hadi Ziwa Rweru na zaidi. Katika nchi ya namna hiyo, ukiinua maji mita moja tu hayapandi, yanatambaa. Yanaingia kwenye mabonde ambako watu hulima maharage, viazi vitamu, mihogo na mboga wakati wa kiangazi, mashamba ambayo hayana hati lakini ndiyo yanayovusha familia kutoka mavuno hadi mavuno. Michoro ya awali ilitaka maji yainuliwe vya kutosha kuhifadhi ya kutumia wakati wa ukame, na kituo cha megawati 90. Kwenye karatasi ya mhandisi ulikuwa mchoro mzuri. Kwenye karatasi ya mtaalamu wa jamii ulikuwa maelfu ya wakulima katika nchi tatu.

Miaka ya KBO, mgongano kama huu ungeandikwa kwenye sura ya mwisho ya ripoti chini ya kichwa "mambo ya kuzingatia" na mshauri angepanda ndege. Mara hii ulipelekwa kwenye baraza la mawaziri wa nishati wa nchi tatu ukiwa na namba: kwa kimo hiki mnapata umeme huu na mnagusa watu hawa, kwa kimo kile mnapata huu na mnagusa hawa. Baraza likachagua kimo cha chini kuliko vyote. Mtambo ukawa wa kutumia mkondo wa mto kama unavyokuja, karibu bila kuhifadhi maji, na megawati zikashuka hadi 80.

Zilipotea megawati 10. Nimesikia watu wakilalamikia hilo, hasa wahandisi, na nawaelewa. Lakini angalia hesabu ilivyogeuka. Fidia ikapungua, idadi ya wanaohamishwa ikapungua sana, na mkopeshaji ambaye angechukua miaka kujiridhisha kuhusu vinamasi akapata mradi anaoweza kuusaini. Megawati 10 zililipia muda. Gharama ya mikutano iliyofikia uamuzi huo, tikiti, hoteli, wakalimani wa Kifaransa na Kiingereza, tafsiri za michoro, ni makombo ukilinganisha na uchorongaji. Ni makombo ambayo wafadhili wengi hawapendi kuyalipia, kwa sababu kwenye ripoti yao ya mwaka mkutano unaonekana ni posho.

Sambamba na hilo kuliundwa kampuni. Mwaka 2012 nchi tatu zilisaini makubaliano ya utekelezaji na ya wanahisa, ikazaliwa Rusumo Power Company Limited, kila nchi na hisa sawa. Burundi haigusi maporomoko hata kwa kidole, kingo zote mbili ni za Rwanda na Tanzania, na bado ilipewa theluthi kamili. Kuna waliouliza kwa nini. Ruvubu, jamani. Nusu ya maji hayo ilitoka wapi?

Kampuni ikakubali kwamba ofisi ya NELSAP isimamie ujenzi kwa niaba yake, kwa kuwa yenyewe ilikuwa haijawa na watu. Kwa mara ya kwanza tangu 1977 kulikuwa na chombo ambacho ukikipa masanduku ya mwamba, kitaweka kufuli.

Shamba moja la maharage, sheria tatu

Kuna kipande cha maandalizi ambacho hakionekani kwenye picha za uzinduzi, nacho ni fidia.

Chukua mkulima mwenye robo eka ya maharage kando ya mto. Akiwa Ngara, mthamini anakuja na fomu, anahesabu migomba, anapiga picha mwenye shamba ameshika karatasi yenye namba. Kanuni za ardhi za Tanzania zinataka alipwe kwa wakati, na ikipita miezi sita anastahili riba. Akiwa Kirehe, ng'ambo ya mto ule ule, sheria ya Rwanda ya 2015 inasema malipo yatoke ndani ya siku 120 tangu kuidhinishwa. Akiwa Burundi, anaangukia kwenye sheria ya ardhi ya 2011, iliyoandikwa kwa mantiki ya Kifaransa. Sarafu tatu, viwango vya mazao vitatu, na binamu wanaopigiana simu jioni kulinganisha.

Juu ya hizo zote kuna masharti ya Benki ya Dunia, yanayotaka mtu alipwe thamani ya kumrudisha alipokuwa, hata kama hana hati. Sasa nani anatoa tofauti kati ya kiwango cha serikali na kiwango cha Benki? Na tarehe ya mwisho ya kuorodheshwa ikishatangazwa, mtu haruhusiwi kupanda mazao ya kudumu wala kujenga. Maandalizi yakichelewa mwaka, huyo mkulima amekaa mwaka na nyumba yenye alama ya rangi nyekundu ukutani, asiyeweza kuikarabati wala kuikopea. Ripoti za miradi huliita hilo "ucheleweshaji". Yeye analiita mvua mbili zilizopita bila migomba mipya.

Yapo mambo yaliyofanywa vizuri. Kuliwekwa mpango wa maendeleo ya maeneo jirani, dola milioni 5 kwa kila nchi, kwa ajili ya madarasa, zahanati, maji na barabara za vijijini. Ulianzia kwenye ukweli rahisi kwamba nyaya za msongo wa kilovoti 220 zinapita juu ya kijiji bila kuwasha hata balbu moja. Wakati mradi unaidhinishwa, Burundi ilikuwa na umeme kwa watu kama 4 au 5 tu katika kila 100.

Fedha zikaja, kazi ikangoja

Mei 2013 Jim Yong Kim, wakati huo rais wa Benki ya Dunia, alizunguka Maziwa Makuu pamoja na Ban Ki-moon wa Umoja wa Mataifa, wakiahidi dola bilioni 1 kwa ukanda huu. Ahadi za namna hiyo huwa nyingi. Swali la kwanza kwa maofisa wao lilikuwa: ni mradi gani uko tayari kusainiwa? Agosti mwaka huohuo, miezi mitatu baadaye, bodi ya Benki ikaidhinisha dola milioni 340 kwa Rusumo, kila nchi ikichukua theluthi, takriban milioni 113. Kabla mwaka haujaisha Benki ya Maendeleo ya Afrika ikaingia kwenye njia za kusafirisha umeme: moja kwenda Nyakanazi, moja Gitega, moja upande wa Kigali.

Miezi mitatu. Fedha za siasa hazisubiri, na zilipopita, Rusumo ndiyo iliyokuwa imesimama barabarani na mizigo imefungwa. Mimi sioni ushahidi ulio bora zaidi wa faida ya kulipia maandalizi kabla ya kujua nani atajenga. Lingepita dirisha lile, lingefuata lipi? Mwaka 2015 Burundi iliingia kwenye mgogoro wa kisiasa na wafadhili wengi wakafunga mifuko.

Hapa hadithi ingeishia vizuri, ila haikuishia. Kutoka idhini ya 2013 mpaka mkataba mkuu wa ujenzi kusainiwa ilipita miaka mitatu. Wakandarasi wa Kichina, CGCOC na Jiangxi, walianza kazi za ujenzi 2017, mitambo ikipewa kampuni ya Andritz. Ilipangwa kumalizika 2020. Yakaja mafuriko, ikaja korona, na ardhi nayo ikawa na yake, kama kawaida ya kazi za chini ya mwamba.

Lawama zote zikipelekwa kwa korona, wanaoandaa miradi watalala usingizi mwema usiostahili. Ile miaka mitatu ya kati ilitumika kwenye mambo mengi ambayo yangeweza kufanywa kabla: nyaraka za zabuni zenye kina cha kutosha, mhandisi wa mwenye mradi, masharti ya kuanza kutoa fedha katika nchi tatu zenye mabunge matatu. Fedha za maandalizi zilikuwa zimefikia idhini ya bodi zikakoma pale. Kwa mfadhili, idhini ni mstari wa mwisho. Kwa mkandarasi, bado hata hajapewa ramani ya barabara ya kuingilia.

Ndugu zake mtoni

Mtu anaweza kunijibu kwamba tatizo ni nchi tatu, si fedha za maandalizi. Nilifikiri hivyo zamani. Kakono ikanibadilisha mawazo. Iko kwenye Kagera hiyohiyo, wilaya ya Missenyi, ndani ya Tanzania peke yake, karibu megawati 88. Nayo ilikuwa kwenye tafiti za miaka ya 1970. Haikuhitaji kumwomba Rwanda wala Burundi. Imekuja kupata wakopeshaji baada ya Rusumo. Nchi moja, mwenye mradi mmoja, na bado karatasi zilikaa kabatini kwa sababu hakuna aliyekuwa analipwa kuzitunza hai.

Ruzizi III, kati ya Kongo, Rwanda na Burundi, ilifuata njia nyingine. Megawati zaidi ya 200, na wenye nchi waliamua kuingia ubia na wawekezaji binafsi, ambao baadaye walikuwa IPS ya mtandao wa Aga Khan pamoja na SN Power. Kwenye orodha ile ya 2005 ilikaa sambamba na Rusumo, na mwaka 2014 ikawa miongoni mwa miradi 16 iliyopewa kipaumbele Dakar. Umeme wa Rusumo ulipotoka, Ruzizi III ilikuwa bado kwenye mazungumzo ya mikopo na dhamana. Ubia unahitaji maandalizi mazito zaidi, si mepesi: bei ya umeme ya miaka mingi mbele, nani anabeba hatari ya vita, shirika la umeme lenye madeni litaaminiwa vipi na benki. Kila mara nikisikia kwenye mkutano kwamba sekta binafsi itapunguza mzigo wa serikali kwenye maandalizi, naikumbuka Ruzizi na kunyamaza, maana si adabu kucheka ukumbini.

Mfuko wa Dhamana wa Bonde la Nile ulifungwa baada ya kumaliza muda wake, na nafasi yake ikachukuliwa na mwingine wa Benki ya Dunia, CIWA, ulioanzishwa 2011 kwa mito ya Afrika nzima. Watu waliojifunza Rusumo, waliojua nani wa kumpigia simu Bujumbura na nani Dodoma, walilipwa kwa fedha za mradi. Mradi ukiisha mishahara inaisha, na wengi wa aina hiyo huajiriwa na kampuni za ushauri. Halafu kampuni hizo zinaomba zabuni ya upembuzi unaofuata, na kwenye wasifu wao, ukurasa wa kwanza kabisa, limeandikwa jina Rusumo.

Masanduku ya mwamba nayo, natumaini, yamewekwa pakavu.